Tambarare na Mawe ya Mama Mkwe

Moto umekolea juu ya jiwe tangu kulipopambazuka, na sasa makaa yamekuwa mekundu kiasi kwamba ukiyatazama sana macho yanauma. Mwanamke aliyevaa buti za mpira na kitambaa kichwani anainua ndoo ya maji. Kabla ya kumwaga anageuka, anamtazama mgeni aliyekuja kuona kazi yake, anamwonyesha ukuta kwa kidevu.

"Sogea kule nyuma. Sogea tena. Jiwe halina adabu, likikasirika linarusha vipande, na jicho halina spea."

Anamwaga. Mvuke unajaa ua mzima na jiwe linapiga kelele, pa! kama mlango uliobamizwa. Mvuke ukitawanyika, ufa umeshachora mstari kutoka upande mmoja wa jiwe hadi mwingine. Mwanamke anachomeka mtaimbo kwenye ufa, anaulalia kwa uzito wake wote, na pande la jiwe linaachia.

"Umeona mambo?" anasema, akifuta jasho kwa mgongo wa mkono. "Kwa nyundo ningevunja mgongo wiki nzima. Nimewagombanisha moto na maji, mimi nimebaki na faida."

Anaitwa Tambarare. Jina alilopewa na wazazi wake linatumika hospitalini na shuleni kwa binti yake, basi. Mafundi wenzake walimbatiza hilo lingine kwa sababu hajawahi kuondoka kwenye ua wa mtu ukiwa na nundu. Kazi yake ni kuandaa ardhi ya nyuma ya nyumba kabla ya kutandazwa pevingi, vile vitofali vya zege vya uani. Yeye ndiye anayeng'oa mawe, anayejaza mashimo, anayesawazisha na kushindilia. Vitofali vyenyewe aghalabu huja kutandazwa na fundi mwingine, na huyo ndiye anayepigwa picha.

"Sisi wa chini hatuonekani," anasema. "Ua ukipendeza, sifa ni za fundi wa pevingi. Ukititia, mwenye nyumba ananitafuta mimi, tena kwa ukali."

Lakini ua wa leo si wa mteja. Ni wa nyumbani kwake mwenyewe. Kwa miaka yote aliyosawazisha nyua za watu, wa kwake ulibaki mawe matupu, mengine makubwa kama ngoma, mengine yamejizika ardhini na kutoa kipara tu. Wenzake walimtania mpaka wakachoka. Mganga hajigangi, walimwambia, naye akawa anacheka nao, maana kweli ni kweli.

Leo hacheki. Anataka ua huu uwe sawa kwa sababu kuna mtu anasubiri kurudi nyumbani, na mtu huyo ni mama mkwe wake.

Wanawake hawa wawili wametoka mbali pamoja. Mama mkwe alikuwa mponda kokoto. Tambarare alipoolewa, wakwe wengine wangemfundisha bibi harusi kupika, yeye alikabidhiwa nyundo. Walikaa juu ya mafungu ya mawe, magoti yameelekeana, wakiponda na kusengenya mtaa mzima. Humo ndimo Tambarare alimojifunza jiwe lipi linapasuka kwa kupigwa mbavuni na lipi lataka kupigwa utosini.

Halafu mume wa Tambarare, dereva wa lori, alifariki. Matanga yalipokwisha, ndugu walitegemea mama mkwe ahamie kwa binti yake, dada wa marehemu, mwenye duka la vitambaa na nyumba ya ghorofani. Bibi huyo akakataa kata kata.

"Nimezaa wawili," aliwaambia mbele ya Tambarare. "Mmoja amekwenda, lakini ameniachia wa tatu. Nakaa na huyu."

Basi wakakaa. Presha ya macho ikaja, ikaanza kumla bibi taratibu, kwanza pembeni, halafu katikati, mpaka mwanga ukaisha kabisa. Bibi aliacha kuponda kokoto, lakini hakuacha kitu kingine. Alikwenda bombani kwenye ukuta wa kushoto, akaosha vyombo. Alianika nguo kwenye kamba. Alikwenda chooni kule kona ya mwisho bila kumwita mtu. Jirani mmoja alimwona akipita katikati ya mawe yale na sufuria mkononi, akadhani bibi anajifanya kipofu ili ahurumiwe.

"Alikuwa anatembea uani kuliko mimi mwenye macho," anasema Tambarare. "Mimi ndiye niliyekuwa najikwaa, yeye ananicheka."

Hata hivyo roho ya Tambarare haikutulia. Kila akirudi kutoka kwenye ua laini wa mteja na kumkuta mama yuko kwenye mawe, aliona aibu. Jioni moja, baada ya kazi, akaanza kung'oa mawe ya karibu na mlango wa jikoni. Aling'oa moja, giza likaingia, akaacha mengine kwa siku nyingine.

Asubuhi iliyofuata bibi alitoka kwenda chooni, akaanguka. Akavunjika kifundo cha mkono.

Tambarare bado anaumia akilisimulia. "Nilichelewa," anasema. "Ningeanza mapema kidogo tu, mama asingeanguka. Miaka yote nasawazishia wageni, mama yangu nimemwacha juu ya mawe."

Wifi yake alifika siku ile ile, akamkuta mama yake amefungwa plasta. Hakutukana, maana si mtu wa matusi. Alisema maneno machache, na hayo ndiyo yaliyochoma.

"Wifi, wewe ndiye fundi wa kulainishia watu nyua zao, na mama yako mwenyewe anatembea juu ya majabali? Huoni haya?"

Akamchukua mama. Mlangoni akageuka, akaweka sharti: siku ua huu utakapokuwa unatembeka, na mama akatembea mwenyewe bila kushikwa mkono, atamrudisha kwa mikono yake. Lakini kama haiwezekani, basi wasisumbuane. Mama atabaki ghorofani moja kwa moja, na chumba chake hapa wapewe wapangaji.

Tambarare ni mke wa marehemu, mwenzake ni damu. Aliingia chumbani kwa mama, akakaa juu ya kitanda kilichotandikwa, akalia mpaka kichwa kikamuuma.

Huko ghorofani bibi hakuteswa, lisemwe lililo kweli. Alipewa kochi laini, redio na chakula kizuri. Lakini nyumba ile ina ngazi, ina meza za vioo, na wifi anaogopa. Kwa hiyo bibi haendi popote bila kushikwa. Msichana wa kazi humpeleka hata msalani, na mlango huachwa wazi, asije akateleza ndani.

"Huku nakula vizuri, nalala vizuri," alimwambia Tambarare kwa simu. "Ila nimekuwa mtungi. Wananibeba, wananitua, wananifunika. Mwanangu, nichukue kabla sijapasuka."

Ndipo Tambarare alipomkatalia mteja kazi, akaushika ua wake. Si uamuzi mdogo huo. Ua mmoja humchukua kama wiki mbili, na malipo yake, ukitoa kukodi mashine na kununua kifusi, yanatosha chakula na sehemu ya ada ya binti anayesoma bweni. Miezi ya mvua kubwa kazi hakuna, na goti lake la kushoto siku hizi humwamsha kwa maumivu. Alipomwacha mteja huyo alijua anakwenda kufunga mkanda.

Ukimwangalia akifanya kazi unaelewa jina lake lilikotoka. Hagusi sululu kabla hajajua maji yatakwenda wapi. Ana mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ameujaza maji. Ncha moja huifunga kwenye kigingi kilicho mlangoni, nyingine huenda nayo kona hadi kona, akiweka alama maji yalipotulia. Kisha hufunga uzi ukilala kidogo kuelekea mtaroni, mvua isije ikaingia jikoni.

Baada ya hapo ni vita na mawe. Mafundi wavivu hukata kipara cha jiwe, wakafunika kilichobaki. Yeye akisikia hivyo anapandwa na hasira waziwazi.

"Udongo wa pembeni utashuka mvua ikinyesha, jiwe halishuki ng'o! Kitofali kilichokaa juu yake kinabaki kimeinuka peke yake, na wa kwanza kukiona ni kidole cha mzee au cha mtoto. Kuna mteja aliniambia, wewe mwaga mchanga, funika, nani ataona? Nikamwambia, mvua itaona."

Kwa hiyo huyang'oa mpaka mizizi. Yasiyong'oka huyachoma, kama hili la leo, na kuyashusha chini kabisa ili yapate tabaka nene la kifusi juu yake. Mashimo yaliyobaki hayajazi kwa mkupuo mmoja. Anamwaga tabaka jembamba, ananyunyiza maji, anashindilia, anamwaga jingine. Bwana mwenye mashine ya kushindilia, jirani yake, humlalamikia kwamba anamchosha mashine. Humjibu kwamba mashine haichoki, mchovu ni yeye.

Kazi ilipokwisha, siku kadhaa baadaye, ua ulikuwa kama meza. Mawe yote yalilundikwa nje ya lango, yakisubiri mnunuzi wa mawe ya msingi. Tambarare aliufagia ua, akaukagua, akaufagia tena. Halafu akampigia wifi yake simu.

Wifi alimleta mama Jumapili. Alishuka kwenye gari, akaingia hadi uani, akasimama. Alikuwa mkweli.

"Wifi, hapa umefanya kazi. Sikutegemea. Hongera."

Bibi aliomba avuliwe viatu. Mkono ulikuwa umeshapona, fimbo ameishika vizuri. Akasimama kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, akavuta pumzi kama mtu anayenusa nyumbani, akashusha mguu. Akapiga hatua, akapiga nyingine. Halafu akasimama.

Akapapasa kwa nyayo, kushoto, kulia. Akagonga fimbo mbele, akagonga pembeni.

"Mkwe," akaita. "Hapa ni wapi?"

"Ni kwetu, mama. Uani."

"Uani kwetu kupi?"

"Kwetu, mama! Nenda tu, hakuna jiwe hata moja. Choo kiko kule mbele, kulia kwako."

Bibi akaenda, lakini hakuelekea chooni. Alipinda bila kujijua, akazidi kupinda, mpaka mkono wake ukagusa ukuta wa jirani, upande ambao hauna kitu. Akageuka, akarudi, akapotea tena katikati. Akabaki amesimama pale peupe, ua umemzunguka pande zote sawasawa. Hakuna aliyewahi kumwona bibi yule akiogopa. Siku hiyo aliogopa.

"Nilitamani ardhi ile ile niliyoishindilia ipasuke inimeze," anasema Tambarare.

Wifi akaenda, akamshika mama yake mkono. "Basi mama, basi. Twende nyumbani." Kisha kwa Tambarare, bila ubaya, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi: "Umejitahidi, wifi. Nani asiyeona? Lakini hata pakiwa sawa hawezi. Tukubali tu."

"Nileteeni kitu nikalie," akasema bibi.

Akaletewa ndoo, ikapinduliwa, akaketi. Akaweka fimbo mapajani.

"Nyamazeni wote wawili, mniache niseme, maana nimenyamaza vya kutosha. Siku ile mimi sikuanguka kwa sababu ya mawe. Nilianguka kwa sababu jiwe halikuwepo."

Bibi akaendelea, taratibu, kama anayemweleza mtoto. Alisema ua ule alikuwa anausoma kwa nyayo. Nje ya mlango wa jikoni kulikuwa na jiwe la mviringo alilolipa jina Kobe. Mguu ukimgusa Kobe, alijua ageuke kulia kwenda chooni, au ageuke kushoto mpaka kwa Meno, vijiwe vyenye ncha vilivyokuwa karibu na bomba. Katikati ya ua alikuwepo Mwenye Nyumba, jabali kubwa, na kamba ya nguo ilikuwa juu yake. Asubuhi ile aliweka mguu juu ya Kobe kama siku zote, kumbe Kobe hayupo. Pana shimo.

Tambarare aliliona jiwe hilo akilini hapo hapo. Ndilo aliloling'oa jioni ile. Akachuchumaa.

"Mama. Ni mimi."

"Ni wewe, ndiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Uliling'oa kwa kunipenda. Ningesema, ungekosa usingizi mpaka leo. Na huyu dada yako angekutafuna mzimamzima."

Wifi akaweka mkono mdomoni. "Mama! Miezi yote hii ninamlaumu mwenzangu kwa kuacha mawe, kumbe kosa si hilo?"

"Kosa bado ni lake," akasema bibi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka. "Ila si lile ulilomlaumu."

Wakacheka, halafu Tambarare akaanza kulia, akalia kwa sauti, kichwa amekilaza kwenye magoti ya mama mkwe wake. Bibi akawa anampapasa kile kitambaa cha kichwa. "Nyamaza wewe. Mkono wenyewe umeshaunga. Na Mwenye Nyumba umemfanya nini?"

"Nimemchoma moto, mama."

"Afadhali. Yule aliwahi kuning'oa kucha."

Kicheko kiliponyamaza, swali lilibaki pale pale, na wifi ndiye aliyelisema. Amewaelewa, alisema, na anaomba radhi kwa maneno yake ya siku ile. Lakini yeye ni mtoto wa huyu mama. Hawezi kumwacha apotee kwenye uwanja mtupu kama alivyopotea leo, na hawezi kumrudisha kwenye mawe yaliyochomoza aanguke tena na safari hii avunjike nyonga. "Niambie wewe fundi," akasema. "Kati ya hayo mawili, kuna la tatu?"

Tambarare aliutazama ua wake. Ulikuwa mzuri. Hajawahi kufanya ua mzuri kuliko ule.

"Niachie mama hapa kila mchana, uje kumchukua jioni," akasema. "Nipe mpaka Jumamosi."

Kesho yake sululu iliingia kwenye ardhi ile iliyoshindiliwa. Fundi yeyote wa kazi hii anajua uchungu wake. Ni sawa na kufumua nguo uliyoishona kwa mkono. Majirani walichungulia juu ya ukuta kuona Tambarare anabeba mawe kwa toroli kutoka nje ya lango, anayarudisha uani.

"Dada, jua limekupiga?" akauliza bwana mwenye mashine.

"Limenipiga. Na wewe lete mashine yako."

Mawe yenyewe hakuyachagua yeye. Bibi alikalishwa kando ya lundo, akawa anayapapasa moja moja, hili anatupa, lile anaweka, mikono iliyoponda kokoto miaka na miaka ikikumbuka kazi. Ghafla akapiga kelele. "Huyu hapa Kobe! Mgongo wake huu! Mlitaka kuniuzia Kobe?"

Alichobuni Tambarare ni rahisi kukieleza na kigumu kukifanya. Alichimba mfereji mwembamba kutoka mlango wa jikoni hadi chooni, na mwingine uliotoka kwenye huo kwenda bombani. Ndani yake aliyazika mawe kwa kina, upande wenye makwaruzo ukiwa juu, akayakaza kwa kifusi na kuyapima moja moja kwa uzi. Uso wa mawe ulipaswa kulingana na uso wa vitofali vitakavyotandazwa kando yake, usizidi hata unene wa ukucha. Mguu usijikwae, lakini ujue. Kitofali ni laini, jiwe linakwaruza, na unyayo wa bibi ungefuata mkwaruzo huo.

Hapo napo alikosea. Alimweka Kobe pale pale alipokuwa zamani, akamwita mama ajaribu. Bibi alifuata mstari vizuri, lakini hatua alizozoea ziliisha kabla hajamfikia Kobe, akageuka mapema. Hatua yake nyingine ikamtoa nje kabisa.

"Hapa ndipo alipokuwa," akasema Tambarare, akikuna kichwa. "Nimepima sawa, mama. Nakumbuka shimo lake."

"Wewe umepima ardhi. Mimi je?" Bibi akapiga paja lake. "Mguu huu umekaa kwenye kochi miezi yote, mwanangu. Hatua imefupika."

Tambarare akang'oa tena. Safari hii aliweka uzi na mpira pembeni. Alimtembeza mama bila kumshika, akitambaa nyuma yake kwa magoti, goti lile bovu likimlilia, na kila mguu wa mama ulipotua akachora alama kwa kidole. Kobe akahamia karibu zaidi na mlango. Mawe ya bombani nayo yakasogezwa. Vitofali alivyokuwa ameweza kununua vilitosha kando mbili za mstari tu, na sehemu nyingine ya ua ikabaki udongo ulioshindiliwa. Mwenyewe anasema hiyo haimsumbui, ataongeza kila kazi ikimpa chochote, na ardhi iliyoandaliwa vizuri haina haraka.

Anao mpango mwingine pia. Habari zilipotoka nje ya ukuta, mke wa mzee mmoja asiyeona mtaa wa pili alikuja kutazama, akakaa muda mrefu akiupitisha mguu wake kwenye mstari huku amefumba macho. Tambarare anataka kuwatengenezea wengine, na amejiwekea sharti: hatapima kwa uzi kabla hajamtembeza mwenye ua. "Nilikuwa najivunia kwamba naijua ardhi," anasema. "Sasa kwanza nitauliza nani ataikanyaga."

Jumamosi wifi alimfuata mama mapema kuliko siku nyingine. Alimkuta mama yake amesimama mlangoni, hana viatu, hana subira.

"Usinishike," bibi akamwambia kabla hata ya salamu.

Wifi akaweka mikono nyuma, akaifumbata kwa nguvu. Bibi akashusha mguu kwenye jiwe la kwanza. Akatulia. Akaweka wa pili. Midomo yake ilikuwa inacheza kidogo, kama anayesalimiana na watu. Kwa Kobe alisimama, akamkanyaga mara mbili kwa makusudi, akageuka kulia. Wifi alipiga hatua moja mbele bila kujua. Tambarare akamvuta nguo kumrudisha.

Bibi alifika chooni. Akapapasa mlango, akaufungua, akaingia, akaufunga. Kisha wote wawili wakasikia komeo likisukumwa kwa ndani.

Wifi alibaki anautazama ule mlango uliofungwa. Kwake, kwa miezi yote ile, mlango wa msalani ulikuwa haufungwi. Machozi yakamtoka, hakuyafuta. Tambarare akasogea, akasimama kando yake.

Sauti ikatoka chooni, ya ukali wa mwenye nyumba.

"Mbona mmenyamaza? Mnanisikiliza nini? Hebu ondokeni hapo, mtu anajisaidia!"

Wakatimuana kuelekea langoni kama watoto waliofumaniwa, wifi akicheka na kulia kwa pamoja. Alipofika kwenye gari akafungua buti, akashika begi la mama yake upande mmoja, Tambarare akalishika upande wa pili, wakalirudisha chumbani kwa bibi.